Simu ni ya nyumba nzima, dawa ni ya mtu mmoja

Katika nyumba nyingi, Kiegeani na kwingineko kisiwani Mafia, simu moja hupita mikono mingi kwa siku. Asubuhi iko kwa baba, mchana mama anapokelea pesa za samaki, jioni mtoto anaangalia katuni. Kwa hiyo mzazi anayeishi na VVU, au anayelea mtoto mwenye VVU, akisikia kuna programu za simu za kukumbusha dawa, huanza kujiuliza nani mwingine ataziona.

Ana haki ya kujiuliza. Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku, na kurukaruka siku kunaweza kuvipa virusi usugu. Anayemeza bila kukosa hadi vipimo vikaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta kuwa asilimia 94 ya watu wazima wanaotumia dawa Tanzania wamefubaza virusi. Wanaobaki nyuma ndio simu ingewafaa zaidi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka kwa jirani zetu Kenya, tena kwa Kiswahili cha mtaani. Kuanzia mwaka 2007, kliniki 3 ziliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa. Nusu yao walitumiwa ujumbe mmoja tu kila wiki: “Mambo?” Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, wasiotumiwa, asilimia 50.

Ujumbe ule haukutaja dawa, kliniki wala virusi. Hata mtoto akiusoma, anaona salamu. Na haukuhitaji simujanja, kiswaswadu kilitosha. Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta ujumbe wa kila wiki ukisaidia, lakini wa kila siku haukuleta tofauti. Kengele inayolia kila siku huzoeleka, mtu akaizima bila hata kuangalia. Anayejua kwamba akinyamaza atapigiwa simu, hujibu.

Ndiyo maana, kabla ya kupakua chochote, inafaa kumuuliza mhudumu wa CTC: nani yuko upande wa pili? Programu ambayo haina mtu nyuma yake ni saa ya kengele iliyopambwa. Na kama inataka majina yote ya kwenye simu yako na mahali ulipo ili ikukumbushe kidonge kimoja, ifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini siri ikishatoka kijijini, sheria hairudishi maneno.

Kengele ya kawaida nayo ina kazi yake. Mvuvi anayekwenda dago hana uhakika wa mtandao wala umeme; kinachomsaidia ni kuieleza kliniki mapema ili apewe dawa za kumtosha, na kengele isiyohitaji intaneti. Mwezi wa Ramadhani, anayetumia kidonge kimoja kwa siku anaweza kupanga na mhudumu wake akimeze baada ya kufuturu au wakati wa daku. Kengele iitwe jina lolote, “maji” au “kuku”. Ujumbe nao uzuiwe kuonekana kwenye kioo simu inapokuwa imefungwa.

Ugumu zaidi uko kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 aelezwe hali yake, na mdogo zaidi aelezwe hatua kwa hatua, kulingana na uelewa wake. Wazazi wengi huahirisha. Lakini mtoto wa miaka 11 anasoma, na ndiye anayejua namba ya siri ya simu kuliko baba yake. Asipoambiwa na mzazi, ataambiwa na kioo cha simu, akiwa peke yake, katikati ya katuni. Wahudumu wa CTC humsaidia mzazi kupanga mazungumzo hayo, na kengele ya dawa ya mtoto ingesubiri yafanyike kwanza. Kijana aliyekwishajua anaweza kuichagulia jina mwenyewe.