Zaatari Isiyotaka Matope

Vitalu vya miche vya Juba hujionyesha vyenyewe barabarani: miembe, mipera na bugenvilia kwenye viriba vyeusi, mingi ikiwa imepitia mpaka wa Nimule kutoka Uganda. Zaatari itambaayo haipo kwenye safu hiyo. Mwenye kitalu mmoja karibu na Nile ameiweka nyuma, ndani ya karai kuukuu lililotobolewa matundu na kujazwa changarawe.

Ni mmea wa kunuswa kwa mguu. Haufiki kimo cha shibiri. Shina lake hulala chini, likigusa udongo hutoa mizizi, kisha husonga mbele. Vijani vyake vimejaa vifuko vidogo mno vya mafuta. Ukivikanyaga hupasuka, na harufu kali ya thimoli hupanda mpaka puani. Kwa kuwa karai halikanyagiki, mteja huambiwa abonyeze kwa kiganja kwanza, bei baadaye.

Jua si adui, asema mwenye kitalu kwa Kiswahili alichojifunza ukimbizini Uganda. Adui ni Aprili. Mvua zikianza, udongo wa mfinyanzi hushika maji na mizizi huoza, wakati mwenye bustani bado anasubiri zulia la kijani. Wengine huongeza balaa: humwagilia asubuhi na jioni kama sukuma wiki, tena juu ya samadi. Masharti yake ni mafupi: tuta lililoinuliwa, mchanga na kokoto, samadi hapana, na maji pale tu kidole kinapokuta pakavu. Anayetaka kufunika uwanja mzima wa hoteli hamuuzii. Biashara ya ajabu, lakini ukiitazama mifereji ya Juba wakati wa masika unamwelewa.

Anachokitamani ni tosign, zaatari ya Ethiopia ambayo Waethiopia huitia kwenye chai. Huota yenyewe penye mawe katika milima ya Bale na Semien, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juba iko kwenye mita 550 hivi, na mchana wa Machi joto hupita nyuzi 35. Huko Ethiopia wachumaji wengi huitoa porini, wengine wakiing'oa na mizizi yake. Mche uliozoea baridi ya milimani utastahimili usiku wa Juba? Na ikiisha milimani, nani atakuwa ameipanda?

Kwa sasa karai haliuzwi. Anayetaka kitu cha chai hukatiwa vitawi vichache. Anayetaka bustani yenye harufu huonyeshwa rehani.