Kihisi cha Dakti Hakikuwekwa Kukuamsha

Asubuhi ya Novemba 21, 1980, moto ulizuka kwenye mgahawa wa chini wa hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Moto wenyewe uliunguza zaidi sehemu za chini, lakini watu 85 walipoteza maisha, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu. Waliuawa na moshi uliopanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa mfumo wa hewa wa jengo lenyewe.

Ndani ya mifereji ya hewa, ambayo mafundi huiita dakti, huwekwa dampa, yaani vibao vya chuma vya kuziba njia moto ukitokea. Dampa za kawaida hushikiliwa na kiungo cha madini kinachoyeyuka joto likifika kama nyuzi 74 za Selsiasi. Moshi uliokwisha safiri ghorofa mbili tatu umeshapoa. Unapita hapo na kiungo hakina habari. Ndiyo maana vikabuniwa vihisi moshi vya dakti.

Ukipanda juu ya dari utakiona: kisanduku kilichofungwa ubavuni mwa dakti, na mirija miwili iliyopenya ndani. Mmoja una matundu yanayoelekea upepo unakotoka. Mwendo wa hewa wenyewe ndio unaoisukuma hewa kuingia kisandukuni, ikapita mbele ya mwanga wa kihisi, kisha ikarudi kwa mrija wa pili. Chembe za moshi zikiutawanya mwanga huo, kihisi hukata umeme wa feni na kuamuru dampa zifunge.

Kazi hiyo ya kuzuia mfumo usigawe moshi, kinaiweza. Tatizo ni wenye majengo wanaokihesabu kama kengele ya moto na kuona wamebana matumizi. Chukua dakti inayorudisha hewa kutoka vyumba kumi vilivyo sawa. Chumba kimoja kikianza kufuka, moshi wake unachanganyika na hewa safi ya vyumba tisa, na kinachofika kwenye kihisi ni sehemu moja ya kumi. Aliyelala chumbani humo atakuwa akiuvuta moshi huo mapema zaidi. Tena usiku feni zikizimwa, hewa haisogei, mrija hauvuti kitu, na kihisi kinakuwa kipofu ilhali taa yake ya kijani inawaka. Kanuni ya NFPA 72 ya Marekani imelisema hili wazi: kihisi cha dakti hakichukui nafasi ya kile cha darini chumbani.

Mahali kinapofungwa napo pana maana. Kanuni nyingine, NFPA 90A, inakitaka kwenye mifumo inayopeleka hewa zaidi ya lita 944 kwa sekunde, kikae baada ya filta na kabla ya dakti kuanza kugawanyika. Hapo kinanasa hata moshi wa filta yenyewe ikiungua, au wa mkanda wa feni. Kikifungwa karibu na kona, hewa hupita kwa vurugu na mrija hupata sampuli isiyoaminika.

Makosa ya ufungaji ni madogo na hayaonekani kwa nje. Matundu yamegeuziwa upande usio wa upepo. Kizibo cha mwisho wa mrija kimesahaulika. Mrija umekatwa mfupi, unaonja hewa ya pembeni tu mwa dakti pana. Halafu anakuja mkaguzi, anakigusa kwa sumaku, kengele inalia, anasaini. Sumaku inathibitisha kuwa saketi ni nzima, basi. Haisemi lolote kama hewa inaingia. Kipimo cha kweli ni kuwasha feni, kupima tofauti ya shinikizo kati ya mirija miwili na kuilinganisha na kiwango cha mtengenezaji, kisha kupuliza moshi wa majaribio ndani ya dakti na kusikiliza kama feni inasimama.

Ofisi nyingi za kwetu zina viyoyozi vya ukutani visivyo na dakti, kwa hiyo hazihusiki. Zinazohusika ni hoteli kubwa, hospitali, maduka makubwa na viwanja vya ndege. Huko ulizia jambo moja zaidi: ni feni zipi hasa zinazozimwa? Nimeona michoro iliyounganisha kila feni kwenye amri moja, zikiwemo zile za kutoa moshi nje, ambazo wazimamoto wanazihitaji ziwe zinazunguka wanapoingia.