Kutoka Soko la Nakasero Hadi Nyumba ya Makumbusho

Aghalabu mtu aishiye kambini huijua Kampala kwa njia tatu tu: njia ya kazini, njia ya hospitali, na njia ya kituo cha mabasi aendapo kwao likizo. Miaka hupita, akahamishiwa kwingine, naye hajautazama mji aliokuwa akiulinda. Ndivyo ilivyokuwa kwa wake watatu, majirani wa kambi moja, hata Jumamosi moja ya Novemba walipoazimia kutembea. Mmoja ni Mganda, mke wa polisi. Wa pili kwao ni Arua. Wa tatu ni Mwacholi wa upande wa Gulu, ambaye mumewe, sajini, alikuwa Somalia pamoja na kikosi cha kulinda amani. Yeye alifuatana na mwanawe wa miaka tisa. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, kile kile cha kambini ambacho wengi mjini hudhani ni cha kutolea amri tu.

Walianzia soko la Nakasero, chini ya kilima chenye jina hilo. Hapo pua hutangulia macho: mananasi, mapapai, binzari, samaki, mikungu ya matoke. Novemba ni msimu wa senene, na wauzaji hukaa na mabeseni wakiwanyonyoa mbawa na miguu. Mwacholi akanunua kikombe cha senene waliokaangwa, akamkaribisha mwenzake Mganda.

"Ahsante, dada, lakini hao ni ndugu zangu," akajibiwa.

Alikuwa wa ukoo wa Nsenene, na Mganda hali kitu kinachoupa ukoo wake jina. Zamani hakuna mwanamke wa Buganda aliyewala, wa ukoo wowote. Aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, mume akala. Naye akangoja zawadi ya gomesi mpya. Hata kuku na mayai alikatazwa. Miiko hiyo ya wanawake imekwisha, na haifai kuisikitikia. Mwiko wa ukoo ungali hai, nao haumnyimi mtu haki yake.

Mchana wakala luwombo. Nyama au kuku hufungwa pamoja na mchuzi wake ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni hata likalainika, kisha hupikwa kwa mvuke. Husimuliwa kwamba aliyekibuni chakula hiki mwaka 1887 ni Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga. Mama mwenye sufuria moja na jiko la makaa aweza kukipika nyumbani. Achague jani zima, apunguze ule uti mgumu wa kati, na afunge kwa utaratibu, maana jani likipasuka mchuzi wote huvuja.

Kisha wakapanda hadi kwenye sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha sanaa Makerere. Tangu mwaka 1962 yule mama aliyefungwa mwili amemwinua mtoto wake juu. Walisimama kidogo, wakapanda matatu ya kwenda Kamwokya, wakashukia mlangoni pa Makumbusho ya Uganda.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala ya Zamani. Wenyeji waliiita Nyumba ya Mayembe, yaani ya pembe za uganga, na wengi waliogopa kuikaribia. Jengo la sasa, lililochorwa na Mjerumani Ernst May, lilianza kutumika mwaka 1954. Mwaka 2011 ulizuka mpango wa kujenga mahali hapo jumba la biashara la ghorofa 60. Watetezi wa urithi wakaenda mahakamani, na hadi leo jumba hilo halikujengwa. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini ni rahisi kukuta wageni wengi na wenyeji wachache.

Mwaka 2024 vilirejea hapo vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, vingi vikiwa vimechukuliwa enzi za mmisionari John Roscoe. Vimerejea kwa mkopo wa miaka mitatu. Mjukuu kuazimwa mali ya babu yake, hilo nalo lahitaji kufikiriwa!

Mganda alikawia penye magome ya mtuba, kitambaa cha kwao. Wa Arua akacheka kwa furaha alipouona adungu, akamwonyesha mtoto jinsi unavyopakatwa. Ala za muziki zimepangwa kwa aina zake: ngoma mahali pake, za kupuliza mahali pake, za nyuzi mahali pake. Hapo penye nyuzi yule Mwacholi alisimama kimya. Mbele yake palikuwa na nanga, ubao uliochimbwa mfano wa hori dogo, na uzi mmoja uliopitishwa juu yake kwenda na kurudi hata ukawa nyuzi kadhaa. Baba yake alikuwa na nanga kama huo. Vita vilipowaondoa vijijini wakapelekwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, walibeba sufuria na blanketi. Nanga ulibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua.

Mtoto huyu alizaliwa kambini, anasema Kiswahili na Kiganda, na Kiacholi huelewa kidogo tu. Mama yake hakuwahi kumsimulia habari hizo. Hapo akamsimulia, kwa Kiacholi, polepole, akirudia maneno, huku wenzake wakisogea hatua chache wawaachie nafasi.

Jioni simu ikalia kutoka Mogadishu. Mtoto hakutaja senene wala luwombo. Alimwambia baba yake kwamba ameuona nanga wa babu. Sajini akanyamaza kidogo, kisha akauliza ulikuwa na nyuzi ngapi. Mtoto akamtazama mama yake, kwani hakuzihesabu.