Istilahi za dalili za pua

Istilahi za dalili za pua ni maneno yanayotaja hali mbalimbali za pua, kama vile mafua, kamasi, kuziba pua na muhina. Jijini Mwanza na kwingineko kandokando ya Ziwa Viktoria, kama ilivyo mahali pengi, watu huziita nyingi kati ya hali hizo "mafua" tu. Hata hivyo kila neno lina maana yake, na kuyachanganya kunaweza kumpotosha tabibu.

Maana ya maneno

* Mafua ni ugonjwa unaoletwa na virusi. Kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.
* Kamasi ni ute wa puani. Si ugonjwa: hata pua yenye afya huutoa ili kunasa vumbi na vijidudu.
* Kuziba pua hutokana mara nyingi na kuvimba kwa utando wa ndani, hivyo mtu anaweza kupenga bila kutoa kitu.
* Muhina ni kutokwa damu puani.
* Mzio wa pua hufanana na mafua, lakini hauleti homa. Pua na macho huwasha, na dalili hurudi kila mtu anapokutana na kisababishi. Vumbi na moshi pia huweza kuchokoza pua bila mafua wala mzio.

Katika homeopathi

Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Wafuasi wake huchagua dawa kwa kupambanua dalili ndogondogo. Kwa mfano, kamasi jepesi linalochoma pua pamoja na machozi yasiyochoma huelekeza kwenye Allium cepa, yaani kitunguu. Machozi yanayochoma pamoja na kamasi lisilochoma huelekeza kwenye Euphrasia. Vitabu vyao hutenga pia "koriza" (mafua ya ghafla), ambayo huweza kuwa kavu, na "katari" (uvimbe wa utando wenye kamasi).

Upambanuzi huo wa maneno hauthibitishi kwamba dawa hizo zinaponya. Nyingi huzimuliwa mno hata isibaki chembe ya kiambato cha awali. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilihitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao homeopathi imethibitika kwa uhakika kuutibu. Nchini Tanzania tiba mbadala inasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Dalili za hatari

Baadhi ya hali huitwa mafua kumbe sivyo. Mtoto anayetoka kamasi lenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua huenda ameingiza punje ya harage au ushanga. Majimaji meupe kama maji yanayotoka puani baada ya kuumia kichwa yanaweza kuwa yale yanayozunguka ubongo. Muhina usiokoma baada ya kubana pua kwa dakika 15 nao unahitaji hospitali bila kuchelewa.