Cherehani cha Masaka

Nyumbani kwetu kulikuwa na cherehani kilichonisomesha. Mama alishonea sare za watoto wa vijiji vitatu, na ada yangu ikatoka chini ya sindano yake. Baba alikuja nacho mwaka 1979, mgambo aliyerudi kutoka Uganda akiwa amekonda, na nywele zimeanza mvi. Tulipomuuliza kilikotoka, alijibu neno moja: "Vitani."

Vita hivyo vina majina zaidi ya moja. Vitabu vya shule huviita Vita vya Kagera. Wazee wa rika la Baba husema vita vya Nduli, maana ndivyo Idi Amin alivyoitwa redioni kila siku, hadi sisi watoto tukadhani Nduli ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Waganda waliorudi kwao nyuma ya jeshi letu husema vita vya ukombozi. Siku hizi mtu akitaja jina tu, najua atasema vita viliishia wapi.

Kwetu vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978. Nilikuwa na miaka saba. Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mto Kagera, ndani ya lile eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 ambalo Amin alitangaza kuwa ni la Uganda. Tulivuka daraja la Kyaka kwa miguu, mdogo wangu akiwa mgongoni kwa Mama. Ng'ombe wetu wote tukawaacha. Siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Katika kambi tuliyokimbilia, sikumsikia mtu aliyebisha.

Ubishi unaanzia Mutukula, mpakani. Jeshi la Wananchi lilivuka hapo Januari 1979, likaiteka Masaka mwishoni mwa Februari, na tarehe 11 Aprili likaingia Kampala. Askari wetu wa mwisho waliondoka Uganda mwaka 1981. Sasa, vita vinavyofika Kampala vinaitwaje vya Kagera? Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya jirani yake, na kwenye mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 Rais Nimeiry wa Sudan alikuwa miongoni mwa waliomlaumu Nyerere mbele ya wenzake. Watetezi wa Mwalimu hujibu kwamba umoja huohuo ulishindwa kumlaani mvamizi. Baba alikuwa upande huo: "Nyoka ukimfukuza hadi mlangoni tu, usiku anarudi."

Lakini hata wenzake aliopigana nao hawakukubaliana. Jioni, kibuyu cha rubisi kikizunguka, mmoja wao alikuwa akisema ushindi ule ulikula sabuni na sukari yetu. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na mkanda haukufunguliwa kwa miaka. Mwingine alimkatiza: bei ya mafuta je? Na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, nayo aliivunja Amin peke yake? Jambo moja tu liliwaunganisha, uchungu wa mgambo: waliitwa kwa ngoma, wakarudishwa kimyakimya, mkononi kila mtu na alichobeba.

Kuhusu Masaka hawakuzungumza kabisa. Majengo mengi ya mji ule yaliangushwa kwa baruti baada ya kutekwa, kulipiza yale ya Kagera. Hilo limeandikwa na wanahistoria, ila kwenye rubisi halikutajwa.

Shangazi yangu aliolewa huko. Wahaya na Waganda wameoana tangu kabla mkoloni hajachora mpaka, kwa hiyo vita vile viliikuta familia moja pande mbili. Alikuja kututembelea nikiwa tayari nafundisha. Alikaa sebuleni, akainama, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole.

"Kaka, hiki ulinunua wapi?"

"Vitani."

"Vitani hakuna duka, kaka. Mtaa gani?"

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema askari wa Amin walichukua ng'ombe wake kumi na wawili.

"Pole, kaka," Shangazi alisema. "Lakini ng'ombe wako hawakuchukuliwa na fundi cherehani."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Chakula kilipokuja tulikula, na habari ikawa mvua na ndizi.

Baba amefariki. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ninapoona mashada yakiwekwa, nawakumbuka waliolala makaburini Kaboya, wilayani Muleba, na sioni aibu kusema kwamba bila wao nisingerudi kijijini. Kijiji ni chetu kwa sababu yao. Cherehani si chetu, na sijui mwenyewe nimpelekee wapi.

Bado kipo kwa Mama, na bado kinashona. Mwaka jana mwanangu wa mwisho aliniuliza kilitoka wapi. Ulimi ulianza na lile neno la Baba, nikaurudisha.

"Masaka," nikamwambia. "Keti, nikusimulie."