Mraba Mmoja ni Mita Ngapi?

Tangu chama chetu kianze kucheza vita vya ziwa mezani, wadogo zetu wa madarasa ya chini wameniuliza mara nyingi swali moja: "Kaka, kwa nini mnabadili karatasi katikati ya mchezo?" Swali hili ni zuri, na jibu lake lina hesabu ndani yake, tena lina jambo kubwa kuliko hesabu. Napenda kulieleza hapa ili atakaye aweze kuchora ramani zake mwenyewe wakati wa likizo.

Kwanza niwaambie wasioujua mchezo wenyewe. Kila mchezaji hujifanya mtu mmoja: nahodha, mpiga mzinga, fundi wa injini, au mvuvi aliyekutwa na vita kazini kwake. Mmoja wetu huwa mwamuzi. Dadu huamua mambo yasiyo na hakika, kama vile risasi kupata au kukosa. Uwanja ni karatasi ya manila yenye urefu wa sentimeta 90, iliyopigwa mistari ya miraba ya sentimeta 2.5. Maharage ndiyo mashua.

Miraba hii si kitu kipya. Mwaka 1780 Mjerumani mmoja, Helwig, wa mji wa Braunschweig, aliugeuza mchezo wa sataranji kuwa mchezo wa vita wenye ubao mkubwa wa miraba mingi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz aliiacha miraba, akatumia ramani ya kweli yenye kipimo cha 1 kwa 8,000. Mwaka 1974 ulitokea Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, na humo inchi moja ya mezani ilihesabiwa futi 10 ndani ya pango, lakini yadi 10 nje penye uwazi. Basi mwaona kwamba kubadili kipimo hakukubuniwa na chama chetu. Siku hizi wachezaji wengi wa mchezo huo huhesabu mraba mmoja kuwa futi 5, yaani mita 1.5, na zamu moja kuwa sekunde 6.

Kipimo hicho chafaa sana kwa watu wanaopigana chumbani. Ukikileta ziwani, chakushinda. Chukua mashua iendayo noti 18. Noti moja ni mita 1,852 kwa saa; kwa hiyo mashua hiyo huenda mita 555 kwa dakika, na mita 55 kwa sekunde 6. Ukigawanya kwa 1.5 utapata miraba 37. Karatasi yetu ina miraba 36 tu! Yaani mashua ingevuka karatasi nzima na kuanguka chini ya meza kwa zamu moja. Na kama ungetaka kuchora upana wa Tanganyika, ambao kwa wastani ni kilomita 50, ungehitaji karatasi ya zaidi ya mita 800.

Vita tunavyoviigiza ni vya kweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walilitawala ziwa hili kutoka Kigoma kwa meli zao Kingani, Hedwig von Wissmann, na baadaye Goetzen iliyo kubwa kuliko zote. Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, za mita 12 kila moja, kutoka Afrika ya Kusini kwa reli, kwa kukokotwa juu ya milima ya Mitumba, na kwa mto Lualaba. Majina yao yalikuwa Mimi na Toutou. Na "Mimi" hiyo haihusu neno letu. Tarehe 26 Desemba 1915, karibu na mahali paitwapo leo Kalemie, waliiteka Kingani, wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann.

Ili kuviigiza vita hivyo twatumia ramani tatu.

Ramani ya ziwa: mraba mmoja ni kilomita 2, zamu moja ni dakika 20. Upana wa ziwa huwa miraba 25, nao waenea kwenye karatasi vizuri. Hapa watu hutafutana na kukimbizana.

Ramani ya mapigano: mraba mmoja ni mita 100, zamu moja ni dakika 1. Hii huwekwa mezani mara meli mbili zinapoingia mraba mmoja wa ramani ya ziwa.

Ramani ya sitaha: mraba mmoja ni mita 2, zamu moja ni sekunde 6. Hii ni ya wakati meli zimegusana na watu wanarukiana.

Sasa tazameni siri yake. Kutoka ramani ya kwanza hadi ya pili, umbali umegawanywa kwa 20, na muda pia umegawanywa kwa 20. Kwa hiyo mwendo wa mashua haubadiliki: ile ya noti 18 huenda miraba 5 na nusu katika ramani zote mbili. Hii ndiyo kanuni ya kushika: ukizidisha umbali na muda kwa namba moja, miraba ya kila zamu hubaki ile ile. Lakini kutoka ya pili hadi ya tatu, umbali umegawanywa kwa 50, na muda kwa 10 tu. Miraba 5 huwa 25. Kwa sababu hiyo haturuhusu ramani ya sitaha kabla meli hazijasimama.

Kanuni ya pili ni kwamba kila kipimo huficha kitu. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, nazo mashua za Waingereza, zilizoishinda kwa mwendo, zikaifuata kwa nyuma. Hilo liliamua vita. Lakini katika ramani ya ziwa harage halina mbele wala nyuma, na mchezaji angetupa dadu asijue kwa nini ameshindwa. Katika ramani ya mapigano twachomeka pini mbele ya kila harage, na hapo ndipo akili ya nahodha huonekana.

Kanuni ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Urefu ukizidi mara 20, eneo huzidi mara 20 kwa 20, yaani 400. Mraba mmoja wa ramani ya ziwa una ndani yake miraba 400 ya mapigano. Mchezaji huutazama akasema, "Mtupu huu, piga!" Nasi tuliozaliwa Kabonga twajua kwamba usiku usio na mwezi kilomita 2 za maji zaweza kuwa na taa nyingi za wavuvi wa dagaa. Kwa hiyo mwamuzi wetu hutupa dadu kabla ya mzinga kulia, ili ijulikane kama mna mitumbwi. Wengine hulalamika kwamba jambo hili lachelewesha mchezo. Naam, lachelewesha, na lazima lichelewesha.

Kumbukeni Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Mwezi wa Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu wa Burundi walipokuwa wamejaa katika ufuko mwembamba wa Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na kipindupindu kimeingia, Liemba ndiyo iliyowachukua kwa mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Katika ramani yetu kubwa Kagunga haijazi hata mraba mmoja.

Basi, ndugu zangu, atakayechora ramani na ajiulize mambo matatu: kitu kidogo kuliko vyote ninachotaka kionekane ni kipi, chenye mbio kuliko vyote kitakwenda miraba mingapi kwa zamu, na katika mraba ninaouita mtupu, nani yumo? Akiyajibu hayo, achukue rula na penseli, aanze.