Nguva wa Baharini na Udongo wa Machakos

Mtu wa Machakos akisikia habari za nguva huenda akasema, "Hayo ni mambo ya watu wa Pwani." Lakini mnyama huyo na mashamba ya Machakos wameunganishwa na mto mmoja.

Nguva si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye mtoto wake, na huja juu ya maji ili avute pumzi. Urefu wake hufika futi 10. Chakula chake ni nyasi zimeazo chini ya bahari, naye huzila kama ng'ombe malishoni. Jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka 3 hata 7 kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo nguva wakipunguka hawaongezeki upesi. Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 lilionekana katika pwani ya kusini ya Kenya. Walipotafutwa kwa ndege mwaka 1994, walionekana 10 tu.

Adui wake wa kwanza ni jarife, wavu mkubwa wa kutegea papa. Nguva akinaswa humo hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, naye hufa. Sheria ya mwaka 2013 yamlinda, lakini jarife halijui sheria. Mvuvi amkutaye angali hai na akate nyuzi, amwachie.

Adui mwingine hutoka kwetu bara. Mvua kubwa inyeshapo juu ya shamba lisilo na matuta, udongo huchukuliwa mpaka Mto Athi. Mto huo ukiisha kukutana na Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Wakati wa mafuriko bahari ya huko hugeuka rangi ya udongo. Nyasi za bahari, kama mahindi yetu, zahitaji mwanga wa jua. Matope yakizidi hudhoofika, na yakizifunika hufa. Hapo nguva hukosa malisho, na samaki wachanga hukosa maficho.

Matuta ya "fanya juu", ambayo vikundi vya mwethya vimeyachimba katika vilima vya Machakos, huzuia udongo huo. Basi kabla ya mvua kuanza, tengenezeni matuta yaliyobomoka, pandeni nyasi juu yake, wala msilime mpaka ukingoni mwa mto. Mkulima afanyaye hivyo huhifadhi rutuba ya shamba lake mwenyewe, na pia humfaa mvuvi wa Malindi ambaye hajapata kumwona.